Vibao vya Kuongozea Eropleni Ndogo

Mtu apitaye jioni katika njia za Katuba au za Kamalondo, mjini Lubumbashi, huenda akamwona mtoto akisukuma gari la waya. Mtoto mwenyewe amelikunja kwa nyaya alizookota. Magurudumu ni vifuniko vya makopo. Na usukani ni waya mrefu upandao toka magurudumu ya mbele hata kifuani pake. Akiuzungusha, magurudumu yageuka. Waya ukilegea, gari laenda mrama. Waya ukikunjwa mahali pasipofaa, gari lapinda kulia zaidi kuliko kushoto, naye mtoto hukaa chini akaunyosha tena kwa jiwe. Watu wazima hupita bila kutazama. Sisi twaona ya kuwa mtoto huyo amekwisha jifunza nusu ya habari tunayotaka kuwaeleza leo, yaani namna ya kuweka sawa vibao vya kuongozea katika eropleni ndogo ya kizamani, ile irukayo ikiongozwa kwa redio na mtu aliyesimama chini.

Kwa nini twasema ya kizamani? Kwa sababu eropleni ndogo za miaka ya 1950 na 1960 zilijengwa kwa mikono, kwa ule mti mwepesi uitwao balsa, zikavikwa karatasi laini au hariri iliyopakwa dawa ya kuikaza. Pengine moja yafika mikononi mwa kijana baada ya kulala miaka mingi ndani ya sanduku la mjomba wake. Ile ya dukani ya siku hizi, iliyofanyizwa kwa povu gumu, ikianguka hugandishwa kwa gundi jioni ile ile. Ya kizamani ikianguka imekwisha, maana aliyeijenga hayupo tena, na balsa hutoka mbali, Ecuador huko Amerika ya Kusini. Tena ina uzito wa kilo mbili au tatu, na mbele yake yazunguka rafadha, yaani pangaboi, kwa kasi ya kutisha. Isipomtii mwenye kuiongoza, yaweza kumjeruhi mtoto aliyekuja kutazama tu. Basi kazi tutakayoieleza hufanywa mezani, polepole, rafadha ikiwa imeondolewa, wala si uwanjani mbele ya watu wenye haraka.

Kwanza tujue tunasema habari za vitu gani. Eropleni haigeuki kama gari, maana haina barabara ya kuishika. Hugeuzwa na upepo uipigao. Nyuma ya kila bawa kuna kibao chembamba chenye bawaba. Vibao hivyo viwili huitwa eleroni, na kimoja kikiinuka kingine hushuka, hata eropleni ikalala upande. Katika mkia kuna kibao kilicholala, ambacho kikiinuka chausukuma mkia chini, na pua ya eropleni yapanda. Tuite kibao cha kuinulia. Tena kuna kibao kilichosimama, nacho ndicho usukani, kama usukani wa mashua: chaupeleka mkia kushoto, na pua yaenda kulia. Kila kibao kina kikono kidogo kilichochomoza. Kikono kimeungwa na ufito au waya. Na huo ufito wasukumwa na mtambo mdogo uitwao servo, unaopata amri kwa redio. Mwenye gari la waya ataona mara moja kwamba hapana jambo jipya hapa, ila servo imeshika mahali pa mkono wake.

Mji wa Lubumbashi wenyewe ulipata kuona mkia wa namna ya pekee. Mwezi wa Februari 1961, Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo, na mji ukiitwa bado Elisabethville, zililetwa eropleni tatu za jeti zilizofanyizwa Ufaransa, jina lao Fouga Magister. Zilikuwa zimeundwa kwa kuwafundishia marubani, lakini Katanga ilizitia katika vita. Ilipofika Septemba mwaka ule ni moja tu iliyokuwa ikiruka bado, nayo iliwasumbua sana askari wa Umoja wa Mataifa, hata wale Waairish waliozingirwa Jadotville, ndio mji uitwao sasa Likasi. Hatukusudii kuandika habari za vita hivyo, ambavyo viliwaliza watu wengi wa nchi hii. Twataka mtazame mkia peke yake.

Fouga haikuwa na kibao kilicholala wala usukani uliosimama. Ilikuwa na mapezi mawili tu yaliyopanuka kama herufi V, na nyuma ya kila moja kibao kimoja. Rubani alipovuta mkono wa kuongozea, vibao vyote viwili viliinuka pamoja, na pua ikapanda. Alipokanyaga kwa mguu wa kulia, vyote viwili vilielekea kulia, maana yake cha kulia kilishuka na cha kushoto kikainuka. Na alipofanya mambo yote mawili kwa pamoja, ndani ya mkia kulikuwa na mtambo uliojumlisha amri hizo, ili kila kibao kipate sehemu yake. Vibao viwili vikafanya kazi ya vitatu.

Sababu ya mkia huo yafaa kujulikana. Mafundi Castello na Mauboussin, ambao majina yao ndiyo herufi C na M katika jina CM 170 la eropleni hiyo, walikuwa wameunda kwanza eropleni zisizo na injini, zinazoelea juu ya hewa kama tai. Mwaka 1949 walirusha mojawapo waliyoitia jeti ndogo mgongoni. Moto wa jeti ulitoka nyuma juu ya kiwiliwili, na mkia wa kawaida ungalisimama katikati ya moto huo. Mkia wa V uliupisha katikati. Magister iliporuka mara ya kwanza, tarehe 23 Julai 1952, jeti zake mbili zilikuwa zimehamia ubavuni, lakini mkia haukubadilishwa. Hivyo ndivyo mafundi walivyo: kitu kikifanya kazi vizuri, hukiacha mahali pake hata kama sababu yake imeondoka.

Wajenzi wa eropleni ndogo waliupenda mkia huo, nao uliwasumbua. Redio ya siku hizi hujumlisha amri yenyewe. Wa zamani walilazimika kuiweka servo moja juu ya kibao chenye kuteleza, na servo ya pili ikakisogeza kibao hicho mbele na nyuma. Kijana akipata eropleni ya kizamani yenye mkia wa namna hiyo, na apime pia amri mbili kwa pamoja: avute na kugeuza hata mwisho, kisha atazame kama ufito wowote wagusa ubao au servo yalia kwa kukwama. Kila amri peke yake yaweza kwenda vizuri kabisa, na zikijumlishwa zikagonga ukuta.

Sasa tuje mezani. Kabla ya kugusa kibao chochote, eropleni na ipimwe uzito wake umekaa wapi. Iinuliwe kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, tangi likiwa tupu na betri zikiwa mahali pake. Ikilala sawa, hapo penye vidole ndipo kitovu cha uzito. Mchoro wa fundi ukiwapo, ufuatwe. Usipokuwapo, kuanzia sehemu ya robo ya upana wa bawa hata karibu na theluthi, ukihesabu toka ukingo wa mbele, ni mahali pa kuanzia pasipo hatari kubwa. Pua ikiwa nzito kidogo, eropleni itaruka kwa uvivu tu. Mkia ukiwa mzito, hapana kibao kitakachoiokoa.

Neno hilo si la watoto. Tarehe 25 Agosti 2010 eropleni ya abiria aina ya Let 410, iliyotoka Kinshasa, ilianguka karibu na uwanja wa Bandundu, wakafa watu 20, akasalia mmoja. Huyo mmoja alisimulia ya kuwa mamba mdogo, aliyefichwa ndani ya mfuko wa abiria, alitoka. Watu wakaogopa wakakimbilia mbele wote pamoja. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, kitovu cha uzito kilihama kwa dakika moja, na rubani akabaki ameshika vibao visivyotosha kuishinda ile pua. Vibao huongoza eropleni iliyosawazika. Haviwezi kuisawazisha iliyopakiwa vibaya.

Baada ya uzito, bawaba. Wazee wa kazi hii walitumia kitambaa au uzi ulioshonwa kwa kupishana, juu na chini, mfano wa tarakimu nane. Uzi huo ni mzuri sana ukiwa mpya, lakini miaka 60 ni mingi kwa uzi. Shika kila kibao uvute kwa nguvu kuliko unavyothubutu. Kama kitatoka, ni heri kitokee mezani. Ikikulazimu kushona upya, tumia uzi wa nailoni, na nafasi kati ya kibao na bawa iwe ndogo kadiri iwezekanavyo, maana hewa ikipenya hapo nguvu ya kibao yapungua, na pengine kibao chaanza kutetemeka kwa kasi hata kujivunja chenyewe.

Ndipo ifuatapo kazi inayodharauliwa kuliko zote, ya kutafuta katikati. Washa redio ya mkononi kwanza, kisha ile ya ndani ya eropleni. Wakati wa kuzima fanya kinyume, ya ndani izimwe kwanza. Vile vijiti vidogo vya kusawazishia viweke katikati. Sasa tazama mkono wa servo: uwe umekatana na ufito kwa pembe mraba. Usipokuwa hivyo, ung'oe skrubu yake, uuinue mkono, uugeuze jino moja, uurudishe. Kisha nenda mwisho wa pili wa ufito, penye kishikizo chenye hesi, ukizungushe hata kibao kiwe sawa kabisa na bawa lililo mbele yake. Kuna vijana wanaoona uvivu kufanya hivyo, wakakisogeza kibao kwa kubonyeza vitufe vya redio. Redio yakubali kila kitu. Lakini servo iliyoanzia pembeni itapeleka kibao mbali upande mmoja na karibu upande wa pili, sawasawa na lile gari la waya lililopinda zaidi kulia.

Tazama pia tundu la kikono liko wapi. Lataka kuwa juu ya mstari wa bawaba hasa, si mbele wala nyuma. Likiwa nyuma yake, kibao chapanda kwa kipimo kimoja na kushuka kwa kipimo kingine, nawe utahangaika na servo bure ilhali kosa liko penye kikono.

Vibao vikiisha kukaa katikati, tupime vyaelekea wapi. Simama nyuma ya eropleni, macho yako yakielekea inakoelekea pua. Usisimame mbele, kwa kuwa hapo kulia kwako ni kushoto kwake, na wengi wamedanganyika hivyo. Peleka kijiti kulia: eleroni ya kulia iinuke, ya kushoto ishuke, na ukingo wa nyuma wa usukani uende kulia. Vuta kijiti kwako: kibao cha kuinulia kiinuke. Sema kwa sauti unachokiona, na mwenzako naye atazame. Mtoto wa miaka minane aweza kuifanya kazi hii, nasi twashauri apewe, maana macho yake hayajazoea kuona kile anachotumaini kuona.

Mtu asidhani twatia chumvi. Tarehe 23 Agosti 1947, katika uwanja wa Woodford huko Uingereza, eropleni kubwa ya abiria aina ya Avro Tudor ilipanda ili kujaribiwa baada ya kutengenezwa. Nyaya za eleroni zilikuwa zimefungwa kinyume. Rubani alikuwa stadi, mwenye miaka mingi ya kujaribu eropleni mpya. Bawa lilipolala alilirudisha kama alivyozoea siku zote, nalo likazidi kulala. Ikaanguka mara ile. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Roy Chadwick, yule fundi mkuu aliyeichora Lancaster, eropleni ya vita iliyojulikana ulimwenguni kote. Fundi wa namna hiyo, ndani ya eropleni aliyoichora mwenyewe, akauawa na nyaya mbili zilizobadilishana mahali. Kwa mtu aliyesimama nyuma ya mabawa akatazama, kosa hilo lilikuwa la nusu dakika.

Sasa kipimo. Kibao kiende mbali kadiri gani? Kijana hupenda kiende sana, kwa kuwa mezani chapendeza kukiona kikipunga. Hewani, kibao kinachokwenda sana ni kama mpanda baiskeli anayegeuza usukani wote kila aonapo jiwe. Kwa eropleni ya kizamani yenye tabia ya upole, kibao cha kuinulia digrii 12 hadi 15 kila upande chatosha. Eleroni 10 hadi 15. Usukani 20 hadi 25. Asiye na chombo cha kupimia digrii atumie rula. Kibao chenye upana wa milimita 40 kikienda digrii 15, ukingo wake wa nyuma wasogea milimita 10 na kidogo. Chenye upana wa milimita 30 kikienda digrii 12, wasogea milimita 6. Simamisha rula nyuma yake, msomee mwenzako tarakimu, aandike.

Ukitaka kupunguza mwendo wa kibao, sogeza ufito katika tundu la ndani zaidi la mkono wa servo, au katika tundu la nje zaidi la kikono cha kibao. Ukitaka kuuongeza, fanya kinyume. Hapa tena wako wanaopunguza kwa kubonyeza redio, wakaacha servo ifanye nusu tu ya safari yake. Twawasihi wasifanye hivyo. Servo inayokwenda safari yake yote kwa tundu la ndani ina nguvu zaidi, na ulegevu wowote uliomo katika meno yake hufika kwenye kibao ukiwa mdogo.

Katika eleroni kuna jambo moja zaidi. Ile inayoshuka hukamata hewa kuliko inayoinuka, ikalivuta bawa lake nyuma. Basi eropleni yalala kulia huku pua yake ikienda kushoto, kama punda aliyeshikwa hatamu na watu wawili. Mabawa manene ya kizamani yana kasoro hiyo sana. Dawa yake ni kuiacha eleroni ipande zaidi ya inavyoshuka, mathalani milimita 8 juu na 4 chini. Twaweza kuipata bila redio ya gharama, kwa kuuelekeza mkono wa servo kidogo mbele au nyuma badala ya kuusimamisha mraba. Hapo ndipo peke yake tunapoivunja kwa makusudi ile sheria ya pembe mraba tuliyoitoa juu.

Mwisho wa kazi ya mezani ni kutafuta ulegevu. Shika kibao kwa vidole kisisogee, na mwenzako asukume kijiti taratibu. Ufito ukipinda kama upinde, ni mwembamba mno, au wataka kushikwa katikati kwa kipete. Mezani hapana upepo; hewani upepo ndio utakaokishika kibao badala ya vidole vyako, na ufito utapinda vivyo hivyo, ila hapo hutauona.

Katika masanduku ya zamani zaidi hamtakuta servo kabisa. Ndugu pacha wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha eropleni yao iliyoitwa Guff mwaka 1937, nayo imewekwa sasa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington. Katika miaka iliyofuata, watu wengi waliruka kwa redio yenye kitufe kimoja tu. Ndani ya eropleni mlikuwa na kamba ya mpira iliyosokotwa. Ukibonyeza na kushika, mpira uliachiwa kidogo na usukani ukaenda kulia hata mwisho. Ukibonyeza, ukaachia, ukabonyeza tena na kushika, ukaenda kushoto hata mwisho. Hapakuwa na katikati, na mpira ulipokwisha kufunguka hapakuwa na usukani. Ndiyo sababu mafundi wale waliufanya usukani mdogo, na mabawa wakayainua ncha zake kama V pana sana, ili eropleni ijisimamishe yenyewe mara mtu aachapo kitufe. Mwenye kutia servo katika eropleni ya namna hiyo asiukate usukani ule mdogo ili aweke mkubwa. Aanze na mwendo ule ule aliouchagua mjenzi. Hapo atashangaa jinsi mtu yule, kwa kamba ya mpira, alivyoelewa hewa.

Tumebakiwa na jambo la mahali petu, ambalo michoro ya Ulaya hailisemi. Uwanja wa Luano uko mita 1,309 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya urefu huo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu 12 katika 100. Na alasiri ya Oktoba, kabla ya mvua, joto lifikapo digrii 32, upungufu wakaribia sehemu 20, ukilinganisha na hewa ya bahari yenye joto la digrii 15 ambayo mafundi huitumia katika hesabu zao. Injini yapata hewa kidogo, basi nguvu zake zapungua. Na mabawa, ili yabebe uzito ule ule, yataka mwendo mkubwa zaidi kwa sehemu 11 hivi katika 100. Eropleni iliyotua kwa kilomita 36 kwa saa huko pwani, hapa yataka 40.

Rubani wa eropleni kubwa ana saa mbele yake imwonyeshayo jinsi hewa ipigavyo. Mwenye eropleni ndogo hana ila macho yake, nayo macho huona mwendo juu ya nchi tu. Aona eropleni ikija kutua kwa haraka kuliko alivyosoma katika kitabu, avuta kijiti ili aipunguze; mabawa yaacha kubeba; naye asema, vibao vyangu ni dhaifu. Kesho yake aongeza mwendo wa vibao. Akifanya hivyo amejiongezea hatari, kwa kuwa eropleni iliyopungukiwa mwendo, ukiipiga kwa kibao kikubwa, huanguka upesi zaidi. Vibao havikuwa dhaifu. Hewa ilikuwa chache, na dawa yake ilikuwa mwendo. Kwa sababu hiyo sisi twapendelea asubuhi za Juni na Julai kwa safari ya kwanza: baridi huwa kali, hewa imejaa, na upepo haujaamka.

Mahali pa kurushia pawe mbali na Luano na mbali na nyumba, na ruhusa ya wakuu wa mahali iombwe kwanza. Twawaomba wazazi wasiliachie jambo hilo vijana peke yao. Watazamaji wote wasimame nyuma ya mwenye kuongoza. Kabla ya injini kuwashwa, mwenzako aishike eropleni nawe utembee na redio mkononi hatua nyingi, kwa jinsi kitabu cha redio hiyo kinavyoagiza, ukisogeza vijiti; vibao viitike bila kutetemeka. Kisha ile kazi ya kusimama nyuma na kusema kwa sauti irudiwe, hata kama ilifanywa jana yake usiku.

Eropleni ikiruka, huenda ikavuta upande kidogo, nawe utaisawazisha kwa kile kijiti kidogo. Ikitua, usikiache hapo. Tazama kibao kimesimama wapi, uzungushe kishikizo cha ufito hata kibao kikae pale pale huku kijiti kikirudi katikati. Halafu chukua kalamu ya risasi, ufungue kifuniko cha chini ya bawa, na juu ya ubao wa balsa uandike tarehe, kitovu cha uzito, na milimita za kila kibao, juu na chini. Katika eropleni nyingi za kizamani utakuta mahali hapo pameandikwa tayari na mkono mwingine. Usiyafute maandishi hayo. Andika yako chini yake.